Tume ya Kuchagua Mkoba Imara

Hadithi nyingine husubiri kuitikiwa ndipo ziingie. Hii haikusubiri. Ilikuja kama mtoza ushuru, ikaketi bila kukaribishwa, ikaomba maji ya kunywa. Na kwa kuwa imekwisha kuketi, heri isikilizwe.

Palikuwa na nchi yenye amani nyingi sana, hata ikabidi kila kona awekwe askari wa kuilinda amani hiyo isiibwe. Jina la nchi halitajwi hapa, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ukarabati tangu siku ilipofunguliwa. Marafiki wa ng'ambo waliipa Wizara ya Kumbukumbu ya nchi hiyo zawadi ya kompyuta mpakato moja. Ilipokewa kwa ngoma. Waziri aliipakata kama mjukuu, akapigwa picha, na baada ya hapo haikuwashwa kamwe, maana neno la siri la kuifungulia liliwekwa ndani ya bahasha, bahasha ndani ya sanduku la chuma, na ufunguo wa sanduku ukasafiri masomoni na Katibu Mkuu, ambaye hadi leo hajamaliza kusoma.

Hata hivyo, kompyuta haikukaa bure. Kila Jumatatu ilipandishwa kutoka chumba cha chini hadi ghorofa ya tatu ili Waziri aione, na kila Ijumaa ikateremshwa ili ipumzike. Kazi ya kuibeba alipewa karani wa daraja la tatu aliyeitwa Nyanzala, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Aliibeba ndani ya mkoba rasmi ulioitwa Ngao ya Taifa, ambao Wizara iliununua kwa Bwana Hemedi Chogo, shemeji wa Waziri. Ulikuwa mkoba wa ngozi bandia nyeusi inayong'aa, umebandikwa nembo ya shaba iliyokuwa nzito kuliko kompyuta yenyewe. Mkanda wake haukushonwa. Uligundishwa kwa gundi. Kwa nje hakuna aliyeweza kujua, na kwa ndani hakuna aliyeruhusiwa kutazama.

Jumatatu moja mkanda ulibanduka pale juu kabisa penye ngazi. Kompyuta ilichomoka mkobani, ikashuka vidato thelathini na viwili, kimoja baada ya kingine, bila kuruka hata kimoja. Bendera zilipepea nusu mlingoti siku tatu. Taarifa rasmi inajivunia kwamba Nyanzala alikamatwa kompyuta ikiwa bado kwenye kidato cha kumi na tisa.

Sheria ya nchi ile iko wazi: avunjaye kompyuta ya umma hufungwa mwaka mmoja kwa kila inchi ya kioo chake. Kioo kilikuwa cha inchi kumi na nne.

"Mshukuru Mungu wako," hakimu alimwambia Nyanzala, "haikuwa televisheni ya ukumbini."

Mahakama nzima ikacheka, hata wakili wa mshtakiwa, ambaye alieleza baadaye kwamba hakutaka kumuudhi hakimu mapema.

Lakini sheria hiyohiyo ina huruma ndani yake. Mkoba ukithibitika kuwa dhaifu, mbebaji huachiwa huru na mkoba hufungwa badala yake. Tatizo ni kwamba hakuna mtu awezaye kusema mkoba fulani si imara kabla taifa halijaamua mkoba imara ni upi. Ndipo ikaundwa Tume ya Kitaifa ya Kuchagua Mkoba Imara wa Kubebea Kompyuta Mpakato, yenye wajumbe kumi na mmoja na magari kumi na mawili. Nyanzala akarudishwa rumande kusubiri matokeo.

*

Mama yake Nyanzala aliitwa Siwema. Alikuwa fundi wa mikoba katika soko la mji mkuu, mwenye cherehani ya miguu iliyokwisha rangi lakini haijapoteza hata sindano moja ya heshima. Alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na mitatu, na watu walioanza kusoma ukubwani huyapokea maandishi kama mgeni aliyetoka mbali: humpa kiti, humpa maji, wala hawashuku kwamba mgeni naye aweza kuwa mwizi.

Tangazo la Tume lilimfikia likiwa mkononi mwa jirani yake wa sokoni, Bi Ruzuna, ambaye aliuza dagaa na kuwafungia wateja kwa karatasi yoyote aliyoiokota.

"Siwema, nisomee hiki kabla sijafungia. Kina nembo, na kitu chenye nembo hunipa kiungulia."

Siwema aliinyoosha karatasi juu ya meza ya cherehani, akapitisha kidole chini ya kila neno. "'Mwananchi yeyote mwenye mkoba anaouamini auwasilishe mbele ya Tume. Mkoba utakaoshinda ndio utakaokuwa Mkoba wa Serikali. Mwisho wa kupokea mikoba ni mwezi wa pili, mwaka jana.'"

"Mwaka jana! Basi umeshachelewa, mwenzangu."

"Sijachelewa. Huo ni muhuri tu."

Wageni hushangaa jambo hili, na ni vema waelezwe. Serikali ya nchi ile haijawahi kuchelewa tangu iumbwe. Kila uamuzi wake hupigwa muhuri wa siku ulipohitajika, si siku ulipofanywa. Daraja la mto mkubwa, kwa mfano, halijajengwa. Lakini lilizinduliwa miaka tisa iliyopita, na watu wanaochukuliwa na maji pale huandikiwa kosa la kupita pembeni ya daraja. Faini hutozwa warithi.

"Nitashona," alisema Siwema. "Wakiuweka mkoba wangu ubavuni mwa ule wa Chogo, hata kipofu ataona upi wenye kosa. Nani tena atamshika mwanangu?"

"Shoga yangu, serikali ikikualika karamuni, kwanza chungulia kama wewe si mbuzi."

"Imeandikwa, Ruzuna."

"Na mimi nimekuonya. Bahati mbaya yangu sina muhuri."

Siwema alishona kwa siku sita. Alichagua turubai la lori lililokwisha kupigwa na jua na mvua miaka mingi, kwa sababu turubai la namna hiyo likitaka kuchanika huwa limeshachanika. Ndani alitia bitana ya blanketi na sponji pande zote, na kitakoni akaongeza sponji ya pili, ili kompyuta ikae vidole viwili juu ya sakafu hata mkoba ukitupwa chini. Nafasi ya ndani aliibana kiasi cha kompyuta kuingia kwa kusukumwa kidogo, maana kinachocheza ndani ya mkoba ndicho kinachovunjika. Mkanda hakuuanzia begani. Aliupitisha chini ya tumbo la mkoba, ukauzunguka wote kama mbeleko, mzigo ubebwe na mkanda wenyewe na si na uzi. Na kila ulipogusa turubai akaupiga mshono wa mraba wenye msalaba katikati, kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Zipu ilikuwa ya meno makubwa ya shaba.

Hakuwahi kushona kitu kizuri kama kile, maskini.

*

Mwenyekiti wa Tume alikuwa Mheshimiwa Lubigisa, mtu mzoefu sana. Aliwahi kuongoza Tume ya Ukame, iliyopendekeza mvua, kisha Tume ya Mafuriko, iliyopendekeza ukame. Siku ya ushindani alisimama mbele ya mikoba kumi na saba iliyopangwa mezani, akakohoa mara mbili kwa ajili ya redio.

"Ndugu wananchi! Mkoba ni nini? Mkoba ni tumbo la nje la taifa. Taifa lenye mkoba dhaifu hula mchana na kutapika jioni. Tume yangu haitalala, na pale itakapolala, italala ikiwa imesimama! Makofi, tafadhali."

Makofi yakaletwa.

Mtihani wa kwanza ulikuwa wa kutazamwa. Wajumbe waliitazama mikoba kwa siku mbili, na siku ya tatu wakapumzisha macho. Mtihani wa pili ulikuwa wa kunuswa, na mkoba wa Bwana Chogo ulipata alama zote kwa harufu ya upya. Wa Siwema ulinuka lori kidogo, ukapewa karipio la maandishi. Mtihani wa tatu ulikuwa wa kustahimili hotuba: mikoba yote iliwekwa wima mbele ya Mheshimiwa Lubigisa alipokuwa akizungumza, na uliotaka kuanguka ulikuwa na uhuru wa kufanya hivyo. Alizungumza saa nne. Mikoba kumi na mitano ilianguka, pamoja na mjumbe mmoja, nao wote wakaondolewa kwenye orodha. Ukabaki mkoba wa Chogo, ulioegemezwa ukutani na mwenyewe, na mkoba wa Siwema, ambao haukuegemea kitu.

Mtihani wa nne ulikuwa wa ngazi, ngazi zilezile za Wizara. Taifa halikuwa na kompyuta nyingine ya kuangusha, kwa hiyo Bwana Chogo, mtu mwenye moyo, alijitolea kuiuzia Tume kipande cha marumaru chenye upana na unene uleule. Alikipata kwa mchonga makaburi. Kilikuwa tayari kimechongwa maneno "Pumzika kwa", na neno la mwisho bado.

Mbebaji naye aliteuliwa kwa hiari. Aliitwa Mzee Kapungu, mfagizi mstaafu wa Wizara, ambaye faili la kiinua mgongo chake lilikuwa katika mwaka wa kumi na tisa wa kuhakikiwa. Aliahidiwa kwamba akijitolea, faili litasogezwa meza moja mbele.

"Mzee, utashuka mwenyewe au usukumwe?" aliuliza afisa aliyevaa glavu nyeupe.

"Nishuke mwenyewe, mwanangu. Ngazi hizi nimezifagia miaka thelathini, zinanijua."

"Kanuni inasema usukumwe."

"Sasa mbona umeniuliza?"

"Kanuni inasema uulizwe."

Akasukumwa, mkoba wa Chogo ukiwa begani. Kwenye kidato cha tatu mkanda ulibanduka, marumaru ikachomoka, ikamwangukia mzee mguuni, na ukumbi mzima ukausikia mfupa. Moyo wa Siwema uliruka kwa furaha, na ni vizuri kusema kweli, uliruka kabla haujamkumbuka mzee.

"Mheshimiwa, umeuona mkanda? Umeuona ulivyobanduka?"

"Tumeuona, Mama. Mwandishi, andika: mkoba umeonyesha moyo wa kujitegemea, ukaachana na mkanda."

"Na mguu, Mheshimiwa?" mwandishi aliuliza.

"Mguu haumo katika hadidu za rejea."

Maafisa wawili walimnyanyua Mzee Kapungu, wakampandisha tena juu, wakamvisha mkoba wa turubai. Mzee aliupapasa mkanda kwa kidole, kama mtu anayejua kazi ya mikono. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Binti yangu," alimwambia Siwema, "huu wako unakaa vizuri begani. Hauna kosa hata kidogo. Lakini hebu waambie nishuke kesho, mguu ukishapoa. Wewe ni mshindani, watakusikia."

Siwema aliutazama ule mguu, uliokuwa umeelekea upande usio wake. Akautazama mkoba. Akamwona Nyanzala mwenye miaka arobaini, mvi zimeanza kichwani, akitoka kwenye lango la jela na kuuliza njia ya kwao. Kisha aliinama, akamkazia mzee mkanda tundu moja zaidi, kama mama anayempeleka mtoto shule.

"Shikilia vizuri, mzee wangu," alisema.

Mzee Kapungu alishuka vidato vyote thelathini na viwili. Mkoba ulifika chini pamoja naye, ukiwa mzima. Zipu haikusogea hata jino moja. Marumaru ilitolewa, ikakaguliwa kwa kioo cha kukuzia, wala haikuwa na ufa. Mzee alikuwa amevunjika mahali pane pengine, akaandikishwa kuwa Kielelezo C, akapelekwa stoo ya ushahidi, rafu ya chini. Maana vielelezo haviruhusiwi kutibiwa kabla shauri halijafungwa, kwa kuwa matibabu hubadilisha ushahidi.

Ukumbi ulipiga makofi. Siwema alipiga kwa nguvu kuliko wote, ili asisikie kitu kingine.

*

Hukumu ya Tume ilisomwa baada ya wiki tatu, mbele ya Nyanzala aliyeletwa kwa pingu. Siwema alivaa kitenge kipya na kumbebea binti yake viatu vya kurudia nyumbani.

"Tume imeridhika," alisema Mheshimiwa Lubigisa, "kwamba mkoba wa Bi Siwema ni imara kupita mikoba yote iliyowahi kubuniwa na binadamu aliye hai. Alama mia kwa mia."

Siwema alipiga kigelegele. Nyanzala alilia. Askari aliyemshika naye alijifuta jicho, kisha akakumbuka kazi yake, akaikaza pingu.

"Kwa hiyo," Mheshimiwa aliendelea, "kama ilivyotangazwa, mkoba huu ndio Mkoba wa Serikali, kuanzia siku ulipohitajika. Ulihitajika tarehe mosi Januari, mwaka jana. Na kwa kuwa kompyuta ya taifa ilianguka mwezi wa tano, ni dhahiri kwamba ilianguka ikiwa ndani ya mkoba huu."

Ukumbi ulinyamaza, ukisubiri kuambiwa kama kuna la kuchekesha.

"Sasa, waheshimiwa, tujiulize kama watu wazima. Mkoba huu tumeushuhudia kwa macho. Ulishuka vidato thelathini na viwili bila zipu kusogea. Je, mkanda wake ungeweza kukatika wenyewe? Hauwezi. Je, kompyuta ingeweza kuchomoka yenyewe? Haiwezi. Basi ilitolewa ndani kwa makusudi, ikatupwa. Mshtakiwa ana hatia. Miaka kumi na minne, na Tume inampongeza mama yake kwa ushahidi wake usiotikisika."

"Mheshimiwa!" Siwema alisimama. Viatu vilimdondoka. "Mkoba huu nimeushona juzi, baada ya mwanangu kukamatwa! Cherehani yangu ni shahidi, soko zima ni shahidi!"

"Mama, usijipunguzie sifa. Kwa mujibu wa muhuri umeushona mwaka jana."

"Na ule mwingine? Ule wa ngozi, uliobanduka mbele yenu, uliomvunja mzee mguu?"

Mheshimiwa Lubigisa aligeuka kwa Bwana Chogo. "Kuna mkoba mwingine?"

"Mimi sijawahi kuona mwingine," alijibu Bwana Chogo, ambaye ndiye mwenye mkataba wa mikoba ya Wizara, na kwa hiyo ndiye aliyekuwa ameuleta mkoba wa Siwema tangu mwaka jana. Alimwendea Siwema, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Tumeshinda, Mama. Hongera sana. Ule uzi wa nta, nani angewaza!"

"Basi ni mbovu!" Siwema alipaza sauti. "Mkoba wangu ni mbovu, waheshimiwa! Turubai ni la jalalani, uzi ni wa magendo, mimi mwenyewe si fundi, nimejifundisha tu, muulizeni Ruzuna!"

"Unyenyekevu wa mafundi," Mheshimiwa aliwaambia wajumbe, akitikisa kichwa kwa mapenzi. Kisha sauti yake ikashuka. "Lakini Mama, kuutukana Mkoba wa Serikali ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya mkanda. Mkanda wako una inchi ngapi?"

Siwema aliujua vizuri. Ulikuwa wa inchi hamsini na sita. Akaketi.

Nyanzala alipopitishwa karibu naye alimgusa bega kwa vidole viwili, pingu hazikuruhusu zaidi. "Usilie, Mama," alisema. "Umeshona vizuri sana."

*

Serikali haimtupi mtu wake. Baada ya mwezi mmoja Siwema aliletewa barua: ameteuliwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Mishono, kwa kuwa katika serikali nzima hakuna mwingine ajuaye kutofautisha mshono na mkwaruzo. Bwana Chogo alikuwa ameagizwa mikoba elfu arobaini. Kompyuta za kutia ndani yake hazikuwapo, lakini taifa haliwezi kungoja maji ndipo lichimbe kisima. Mikoba ilikuwa ikishonwa katika gereza la wanawake, bila ujira, kwa sababu ujira huwapotosha wafungwa.

Siwema alitaka kuichana barua. Ila ilikuwa maandishi, na mkono wake haukuweza. Alipoisoma mara ya tatu, kidole chake kilisimama kwenye kanuni ya saba: *Mkanda wa Mkoba wa Serikali ukikatika mbele ya Mkaguzi aliyeapishwa, shauri lolote lililoamuliwa kwa uimara wa mkoba huo litafunguliwa upya.*

Alimkimbilia Ruzuna akitweta.

"Mikoba elfu arobaini, Ruzuna! Inashonwa na watu wenye njaa, kwa uzi wa gerezani. Hata mmoja usikatike?"

Ruzuna aliacha kupima dagaa, akafuta mikono. "Nenda," alisema. "Na Mungu akupe uzi mbovu, mwenzangu. Sijawahi kumwombea fundi dua ya namna hii."

Siwema akaapishwa. Kila Alhamisi alikwenda gerezani, akapekuliwa hadi ndani ya nywele asije na wembe, akaingizwa katika chumba chenye meza, dirisha la nondo, na mlima wa mikoba. Alivuta mkanda mmoja baada ya mwingine, miguu ameitegemeza kwenye meza, afisa wa gereza akiandika. Alhamisi ya kwanza alivuta mia mbili. Ya pili, mia mbili na arobaini. Viganja vilimtoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Alikuta vitako vilivyopinda, zipu zilizokwama, bitana zilizoachia. Mikanda yote ilikuwa salama.

"Afande," aliuliza Alhamisi ya tano, "hii mikanda anaishona nani?"

"Mfungwa mmoja tu. Wengine walikuwa wanaharibu, yeye akawa anawafumulia na kuwashonea upya, basi tukampa mikanda yote. Yule wa inchi kumi na nne."

Siwema alishika ukingo wa meza.

"Ana bidii ya ajabu," afande aliendelea kwa fahari. "Bibi Jela alimwambia kwamba kwa kila mikanda mia isiyo na kasoro atapunguziwa siku moja."

"Ni kweli atapunguziwa?"

Afande alicheka. "Kupunguza nani kasema? Alimwambia tu, Mama. Mtu akiambiwa neno zuri hushona haraka. Leo nimemleta, maana kanuni inataka fundi awepo anapokaguliwa. Lakini zungumzeni habari za mikoba peke yake. Neno la nje ya mikoba ni inchi moja juu yake."

Nyanzala aliingizwa. Alikuwa amekonda, na vidole vyake vilikuwa vimejaa matundu ya sindano. Alipomwona aliyekaa upande wa pili wa meza, alisogea mbele, kisha akajizuia.

"Mwanangu..." Siwema alisema.

"Inchi kumi na tano," afande aliandika.

Siwema alijiuma ulimi. Nyanzala aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, Mkaguzi."

"Marahaba, mfungwa." Siwema alichukua mkoba uliokuwa juu kabisa, akaugeuza. Alitafuta maneno kama mtu anayetafuta sindano kwenye mchanga. "Mfungwa, mishono yako imekaza mno."

"Asante, Mkaguzi."

"Haikuwa sifa. Uzi ukilegea kidogo... mshono mmoja ukirukwa... mimi nisingeona ubaya wowote."

Nyanzala aliinua uso. Machoni mwake mlikuwa na uchungu ambao jela haikuwa imeutia bado. "Urukwe? Mkaguzi, aliyenifundisha kushona angenichapa mikono. Nilipokuwa mtoto alinifumulia pindo moja mara nane, nikalala njaa, hadi likanyooka. Siwezi kuruka mshono. Hata nikitaka, mkono unakataa."

"Hata ukiamriwa na Mkaguzi?"

"Inchi ya kumi na sita inanukia," afande alisema, akilamba ncha ya kalamu.

Nyanzala alisogea hatua moja, akasema kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetoa siri nzuri: "Nimebakiza mikanda sita nitimize elfu tatu, Mkaguzi. Ni siku thelathini hizo. Wewe vuta tu. Vuta kwa nguvu zako zote, waone wenyewe."

Siwema aliupitisha mkanda kwenye nondo ya dirisha, akauzungusha viganjani, utepe ukalowa damu. Akavuta. Akaegemea nyuma. Kisha akainua mguu mmoja kutoka sakafuni, na wa pili, akauachia mkanda mwili wake wote, pamoja na miaka yake hamsini na mitano. Nondo ililia ukutani. Chokaa ilimwagika kidogo. Mshono wa mraba wenye msalaba katikati ulikaa palepale, uzi wake umenyooka kama mstari wa daftari.

Nyanzala alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu akamatwe.

"Unaona?" alisema.

"Imara," afande aliandika, akaigeuzia karatasi upande wa Siwema, akaiweka kalamu juu yake. "Shuka basi, Mkaguzi, utie saini."

Lakini Siwema aliendelea kuning'inia, macho ameyafumba, miguu haigusi chini. Kwa kuwa akishuka tu, atatia saini.